Mafunzo Niliyopata kwa Kamera ya Mfukoni

Mwaka 2010 kampuni za Japani zilipeleka sokoni kamera ndogo za dijitali zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika hata milioni 2. Simu imechukua nafasi hiyo, na hilo halina ubishi. Hata hivyo vijana bado wananijia na kamera ndogo mkononi. Wengine wameachiwa na kaka zao, wengine wamenunua mtumba, na swali lao ni moja: kitu hiki kinaweza kunipa riziki?

Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba ukijue kwa undani. Mimi ni mpiga picha wa mwambao. Nilianza enzi za filamu, na kamera kubwa ninazo, lakini iliyonifundisha zaidi ni Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012. Betri na kadi vikiwa ndani, uzito wake ni gramu 240, na inaingia mfuko wa koti. Nimeipeleka harusini, mnadani, ngomani na hata mapangoni. Kilichonishangaza ni kwamba sifa zake za kiufundi, ukizifuata moja baada ya nyingine, zote zinakurudisha kwenye mwanga: unaingia kiasi gani, na ukishaingia unatunzwaje. Mwenye kulishika hilo anaweza kupewa kamera ndogo yoyote akajua mapema itamfikisha wapi.

Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili yako unayetaka kazi yako ilipiwe.

1. Uliza ukubwa wa kihisi kabla ya megapikseli

Jioni moja nilikuwa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, na kijana aliyekuwa na kamera mpya ya bei nafuu. Yake na yangu zote zimeandikwa megapikseli 20. Jua lilikuwa limeshazama na taa za mnada zimewaka, tukapiga fungu lilelile la changu, kila mtu na kamera yake. Kwenye vioo vya nyuma picha zilifanana. Tulipozifungua kwenye kompyuta na kuzikuza, magamba kwenye picha yangu yalihesabika. Kwenye yake yalikuwa yameyeyuka, na sehemu za giza zimejaa chenga za zambarau na kijani.

Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, kwa hiyo ufundi hauhusiki. Kihisi ni kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, mahali ilipokuwa ikikaa filamu. Cha kamera ndogo za kawaida kina upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha milimita 4.6, yaani eneo la milimita za mraba 28. Cha RX100 ni milimita 13.2 kwa 8.8, sawa na milimita za mraba 116. Eneo hilo ni mara nne, na mwanga unaopokewa ni mara nne, ilhali pikseli ni idadi ileile. Ni kama shamba la urithi: likigawiwa warithi wachache kila mmoja analima na kuvuna, likigawiwa mamia kila mmoja anabaki na tuta.

Watengenezaji wenyewe waliliona hili. Mwaka 2008 Canon ilitoa PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata ikatoa G11, yenye kihisi cha ukubwa uleule, lakini safari hii ikashusha idadi hadi megapikseli 10 ili picha za mwanga hafifu ziwe safi zaidi. Kampuni kubwa ilikubali kupunguza namba ambayo wateja wote walizoea kuiona ikipanda. Kwa hiyo unapotazama kamera dukani, mwombe muuzaji akuonyeshe ukubwa wa kihisi kwenye karatasi ya maelezo. Asipoujua, utafute mwenyewe kwa jina la kamera kabla hujatoa pesa.

2. Piga hesabu ya pikseli kwa kazi utakayoisafisha

Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531. Zidisha: ni kama pikseli 219,000, yaani chini ya robo ya megapikseli moja. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6 inahitaji megapikseli 2.2. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji megapikseli 8.7.

Hesabu hii niliifanya kwa mara ya kwanza nikiwa kaunta ya duka la kusafisha picha. Mama mmoja alikuwa na wasiwasi kwamba kamera yangu ni ndogo mno kwa picha ya ukutani ya marehemu mumewe. Nilichukua peni, tukahesabu pamoja juu ya bahasha, na picha ikachapwa kwa ukubwa wa A3. Ukubwa huo ukichapwa kwa nukta 300 unataka megapikseli 17.4, na tulikuwa nazo 20. Alipoletewa aliigusa kwenye mashavu kwa vidole viwili, akasema, "Ndiye huyu." Pikseli zilitosha na zikabaki. Mabango makubwa ya barabarani nayo hayataki pikseli nyingi kadiri watu wanavyodhani, kwa sababu hakuna anayeyatazama kwa umbali wa pua.

Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka, aliyoiunda mhandisi Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Tumetoka mbali. Kamera yoyote ndogo ya miaka 15 iliyopita ina pikseli za kutosha kwa kazi nyingi za studio ya mtaani. Pesa uliyotaka kuongeza kwa ajili ya megapikseli, iweke kwenye kihisi kikubwa na lenzi nzuri.

3. Lenzi ina namba mbili, na ya pili ndiyo itakayokubana ukumbini

Kwenye uso wa lenzi ya RX100 kumeandikwa 1.8-4.9. Namba ya kwanza inaeleza tundu la lenzi linavyofunguka unapopiga kwa upana wote, na ya pili linavyofunguka ukishavuta hadi mwisho. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Gawanya 4.9 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: utapata 7.4. Maana yake, ukivuta hadi mwisho, mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara saba.

Hayo niliyaona kwa macho kwenye harusi moja Tanga. Ukumbi ulikuwa na taa za rangi na moshi wa mashine. Nikiwa karibu na jukwaa, lenzi ikiwa pana, kamera ilinipa kasi ya 1/60 ya sekunde na maharusi wakatoka safi. Nilipokwenda nyuma ya ukumbi nikavuta, ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ikiwa ileile, kamera ilinipa 1/8 ya sekunde. Hapo hata mkono wa bwana harusi ukimlisha mkewe keki ni mwendo wa kasi. Picha inatikisika, na hakuna programu ya kuirudisha.

Tangu hapo kanuni yangu ukumbini ni moja: miguu kwanza, kuvuta baadaye. Omba MC akuruhusu kufika mbele, vaa mavazi yasiyovuta macho, inama usizibe watu, piga, rudi. Lakini kuna mpaka wake. Ukimsogelea mtu sana kwa lenzi pana, pua yake inakua na masikio yanarudi nyuma. Kwa picha ya uso, vuta kidogo hadi katikati ya lenzi, kisha simama umbali wa hatua mbili tatu. Sura inabaki ya mwenyewe, na bado hujapoteza mwanga wote.

Kuhusu "zumu ya dijitali," izime kwenye menyu siku ya kwanza. Zumu ya lenzi inaleta kitu karibu kwa vioo. Ya dijitali inakata tu kipande cha katikati ya picha na kukikuza, kazi ambayo unaweza kuifanya nyumbani kwa utulivu na kwa uamuzi wako.

4. Kamera haiwajui watu wako, wewe unawajua

Hili ndilo somo ninalolishikilia kuliko yote. Kipima mwanga cha kamera kimeundwa kwa dhana kwamba, ukijumlisha weupe na weusi wa kila kilicho mbele yake, wastani ni kijivu cha kati. Kikiona weupe mwingi kinatia giza, kikiona weusi mwingi kinaongeza mwanga. Hakina habari kwamba mbele yake ni bibi harusi.

Bagamoyo, ufukweni, saa kumi alasiri: gauni jeupe, mchanga unaong'aa, bahari nyuma, na binti mwenye ngozi nyeusi tii inayopendeza. Kamera ikajibu weupe wote ule kwa kutia giza, na uso wa binti ukawa kivuli chenye meno. Kuna kitufe cha kusahihisha mwanga, kwa kawaida kimeandikwa +/-. Nilikipandisha hadi +1, anga ikafifia kidogo, na uso ukajitokeza na rangi yake halisi, pamoja na ule mng'ao wa shavuni ambao ndio uzuri wenyewe. Usiku uleule, ndani ya ukumbi wenye kuta nyeusi, nilifanya kinyume. Nilishusha hadi -0.7 kwa sababu kamera ilitaka kuangaza giza lote, na gauni lilikuwa linaungua.

Tatizo hili lina historia. Enzi za filamu, maabara nyingi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi ya Kodak iliyojulikana kama Shirley, yenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi ikimkaa yeye, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi zetu zilichukua nafasi iliyobaki. Kamera za dijitali ni bora zaidi, lakini uamuzi wa mwisho bado uko kwenye kidole chako. Watu wa kwetu wamepigwa gizani kwa muda mrefu mno, na ni wajibu wa mpiga picha kumtoa kila mtu jinsi Mungu alivyomuumba.

Fanya hivi: washa ile chati ya mwanga inayoonyesha kilima kutoka giza kushoto hadi weupe kulia. Kilima kikibanana ukutani upande wa kulia, weupe umeungua na hakuna cha kuokoa. Kama kamera ina kipimo cha nukta, kielekeze usoni, tazama kinachotokea, kisha sahihisha. Kwa wazee waliovaa kanzu nyeupe, chunga kanzu isiungue. Uso unaweza kuuinua baadaye, lakini nyuzi za kanzu zikishapotea hazirudi.

5. Flashi ndogo ina faida zaidi mchana

Watu huwasha flashi usiku na kuizima mchana. Uzoefu umenifundisha kinyume chake. Saa saba mchana mwambao, jua liko utosini, na mtu aliyevaa kofia ana kivuli kutoka paji hadi mdomoni. Hapo flashi ndogo, ukiwa umbali wa mita moja au mbili, inajaza kivuli kile na macho yanafunguka. Nilimpiga nahodha wa jahazi kwa namna hiyo akiwa ameshika kamba ya tanga. Bila flashi alikuwa kofia na ndevu. Kwa flashi nilipata macho yake, na hata chumvi iliyokauka kwenye nyusi.

Kamera ndogo ina ubora wake hapa. Kamera nyingi kubwa hutumia pazia linalopita mbele ya kihisi, na kwa kawaida flashi yake hailingani na pazia hilo kupita 1/200 au 1/250 ya sekunde. Kamera ndogo nyingi zina shata ndani ya lenzi yenyewe, inayofungua na kufunga kwa mkupuo, hivyo flashi inakubali hata 1/1000. Kasi hiyo inapunguza jua bila kupunguza flashi, na taa ndogo kama ukucha inaweza kushindana na jua la mchana.

Usiku mambo hubadilika. Nguvu ya flashi hupungua kwa kanuni isiyobembelezeka: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Anayewasha flashi kutoka safu ya mwisho ya ukumbi anaangazia visogo vya walio mbele yake. Ukiwa na kamera ambayo flashi yake hujitokeza juu kwa kijiti, kama RX100, isukume taratibu kwa kidole itazame juu. Chumba kikiwa na dari fupi nyeupe, mwanga unagonga dari na kushuka kwa ulaini, na ule mng'ao wa jasho kwenye paji la uso unatoweka.

6. Kizuia mtikisiko hutuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji

Kamera ndogo nyingi zina kifaa kinachosogeza kipande cha lenzi ili kufuta mtetemo wa mkono. Ni msaada mkubwa, lakini jua unamsaidia nani. Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga, ni miamba ya chokaa iliyotulia tangu zama. Ndani yake niliegemeza kamera juu ya jiwe, nikaweka ISO ya chini kabisa, nikatumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise, na shata ikakaa wazi kwa sekunde kadhaa. Picha ilitoka na mikunjo ya miamba ambayo macho yangu hayakuiona kwa mwanga wa tochi. Stendi ya miguu mitatu sikuwa nayo.

Kwenye ngoma, ujuzi huo haufai kitu. Mchezaji anaruka, na kizuia mtikisiko hakina mamlaka juu yake. Anahitaji 1/250 ya sekunde au zaidi, na gizani hiyo huilipi kwa njia nyingine ila kupandisha ISO hadi 1600 au 3200 na kukubali chenga. Zikubali. Picha yenye chenga kidogo na mtu aliyeganda hewani, kanga ikimpepea, inauzika. Picha laini yenye mtu aliyefutika haiuziki.

Pia usizibe tundu la lenzi kupita kiasi ukidhani utaongeza ukali wa picha. Kwenye kihisi kidogo, hata tundu la f/4 linatosha watu waliokaa safu mbili tatu, kwa sababu kamera hizi kwa maumbile huonyesha karibu na mbali kwa pamoja. Ukienda f/8 au f/11, mwanga unaopenya tundu dogo unajitawanya na picha nzima inalainika.

7. RAW ni akiba ya siku ya mwanga mgumu

Faili la JPEG hugawa kila rangi katika ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. RAW ya kamera za aina hii kwa kawaida ina ngazi 4096, na haijaamuliwa rangi bado. Tofauti hiyo huioni kwenye picha iliyopigwa vizuri mchana. Unaiona pale ukumbi una taa ya manjano juu, ya buluu kwenye jukwaa na televisheni pembeni, na uso wa mama mzaa chema umegeuka kijani. Kwa JPEG utahangaika na mabaka. Kwa RAW unarekebisha rangi upya, kwa sababu kamera imekupa ilichokipokea kabla ya kukipika.

Gharama yake ni nafasi: faili moja la RAW la RX100 ni kama MB 20, na unahitaji kompyuta na muda. Ndiyo maana mimi hutenganisha kazi. Picha za pasipoti na mikutano ya mchana napiga JPEG, mteja anaondoka nazo. Harusi za usiku na kazi ambayo haiwezi kurudiwa, napiga RAW na JPEG kwa pamoja. Kabla ya kununua kamera ndogo, hakikisha ina RAW. Nyingi za bei ya chini hazina, na upungufu huo haurekebishiki baadaye.

8. Kadi, betri, saa na mchanga ndivyo vinavyoamua kama utalipwa

Mwenzangu alinunua kadi iliyoandikwa GB 64 kwa bei ya kushangaza. Harusi ikaenda vizuri, lakini nyumbani picha za nusu ya pili hazikufunguka hata moja. Kadi za namna hiyo huwa na uwezo mdogo ndani na maandishi makubwa nje. Zikijaa hazikuambii, zinaendelea kupokea na kuharibu. Kadi mpya ijaze yote kwanza kwa video zisizo na thamani, kisha zifungue zote kwenye kompyuta. Ikifaulu, ifute kwa kuifomati ndani ya kamera, ndipo uipeleke kazini. Angalia pia aina yake: hadi GB 32 ni SDHC, juu ya hapo ni SDXC, na kamera za zamani nyingi haziisomi hiyo ya pili.

Betri ya RX100 imepimwa kiwandani kwa picha 330. Kipimo hicho hakijui joto la ukumbini wala video za kuingia kwa maharusi. Beba ya ziada. Kamera inayochajiwa kwa waya wa USB, kama hii, ina faida kubwa kwetu: pawa benki ya simu inaifufua wakati watu wanakula.

Saa ya kamera iweke sawa kila betri inapokaa nje muda mrefu. Tarehe na dakika huandikwa ndani ya kila faili. Mkiwa wapiga picha wawili na saa zimeachana, kupanga picha kwa mfuatano ni adhabu. Na kuna siku mteja atakuuliza shughuli fulani ilifanyika lini, na faili ndilo litakalojibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mpiga picha ni hilo.

Mwisho, mchanga. Lenzi ya kamera ndogo hutoka na kurudi ndani kila unapoiwasha na kuizima, na kila inaporudi inaweza kuingia na punje. Punje moja inatosha kuikwamisha, na vumbi likifika kwenye kihisi hulitoi bila kuifungua kamera yote. Ufukweni iwashe ukiwa umeipa upepo mgongo, na ukimaliza ifute lenzi kabla ya kuizima. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo linalofunga, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, maana unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye vioo.

Ukinunua mtumba, fanya jaribio hili mbele ya muuzaji. Weka tundu dogo kabisa, namba kubwa ya f, vuta lenzi hadi mwisho, piga ukuta mweupe, kisha kuza picha kwenye kioo. Ukiona madoa meusi yanayokaa palepale katika kila picha, hilo ni vumbi la ndani. Punguza bei au ondoka. Izime na kuiwasha mara kadhaa huku umeweka sikio karibu. Lenzi nzima hutoka kwa sauti moja. Yenye mchanga hukwaruza.

La mwisho kwako

Kamera ndogo ina mipaka yake. Haitakuletea simba aliye mbali mbugani, haitashindana na kamera kubwa kwenye giza totoro, na wapo wateja watakaokutazama mkononi kabla ya kutazama kazi yako. Waonyeshe albamu. Katika miaka yangu yote ya kazi, aliyeishika picha nzuri ya mama yake hakuniuliza nimeipiga kwa kamera gani.

Basi ukienda dukani kesho, uliza mambo manne: kihisi kina ukubwa gani, lenzi inafunguka kiasi gani mwanzo na mwisho, ina kitufe cha kusahihisha mwanga, ina RAW. Ukipata majibu mazuri na bei unaiweza, inunue. Kisha wiki hii hii mpige bibi yako akiwa mlangoni, asubuhi, flashi ikiwa imezimwa na kipimo ukikisahihisha hadi ngozi yake itoke ilivyo. Isafishe picha hiyo kwenye karatasi na umpelekee. Hiyo ndiyo iwe ya kwanza kwenye albamu yako ya kazi.